Sifuri Kutoka Mlimani

TANGAZO KWA UMMA. Kuanzia leo, kwa mamlaka yaliyotokana na nyonga iliyovunjika, Mheshimiwa Tamsin Bethune, mwenye umri wa miaka kumi na sita na busara ya miaka themanini, ameshika uongozi wa Kituo Kikuu cha Mvua, Theluji na Vitu Vingine Viangukavyo Kutoka Juu. Wananchi wanaombwa kuwa watulivu.

Tangazo hilo liliandikwa kwa kalamu nene nyekundu na kubandikwa kwenye mlango wa friji. Wananchi wenyewe walikuwa wawili. Wa kwanza, Ross, baba yake Tamsin, alilisoma akiwa amesimama, kipande cha mkate wa kubanika mdomoni, akasema, "Hiyo nyonga unayoifanyia mzaha ni ya mama yangu." Kisha akachukua chupa yake ya chai akaondoka kwenda kuendesha greda la halmashauri. Mwananchi wa pili alikuwa mbwa, naye hakuwa na maoni. Mheshimiwa akaanza utawala wake kwa kurudi kitandani.

Nyonga ilivunjika hivi. Nola Bethune, bibi yake Tamsin, alitoka asubuhi kwenda kusoma kipimamvua kama alivyofanya maisha yake yote ya ndoa na ya ujane, akateleza juu ya jalidi, umande ulioganda, karibu na uzio, akaanguka. Ross alimkuta amelala kwenye nyasi nyeupe, amejifunga sweta vizuri, naye Bibi akamwambia mwanawe, "Nimeshasoma. Usinisumbue mpaka uandike." Ndipo gari la wagonjwa likaitwa.

Kipimamvua chenyewe hakikuwa kitu cha kutisha. Kilikuwa debe la bati lililosimama nyuma ya nyumba, kimo cha goti, mbali na miti, na juu yake faneli pana. Lilichimbiwa hapo na baba wa babu yake Tamsin, na tangu siku ile hapakupita asubuhi ambayo mtu wa nyumba ile hakutoka saa tatu, akamimina kilichomo katika glasi ya kupimia, akasoma, akaandika, akapeleka namba kwa watu wa hali ya hewa mjini. Hakuna aliyewahi kulipwa hata kikombe cha chai. Walisoma siku za harusi. Walisoma hata wakati moto wa msituni ulipokuwa ng'ambo ya kilima. Siku ya mazishi ya Babu, Bibi aliwaacha waombolezaji na sandwichi zao, akatoka na viatu vyake vyeusi vya kanisani, akasoma, akarudi, akasema, "Sifuri nukta sita," ndipo akalia.

Baada ya kuandika, kulikuwa na kazi moja zaidi. Simu. Chini kule, pale mlima unapokwisha na uwanda unapoanza, uwanda mkavu usio na mti wa kukinga upepo, aliishi Alwyn Gaffey, mzee mjane mwenye kondoo na kipimamvua chake mwenyewe. Hali mbaya ya hewa ya nchi ile hutoka magharibi. Hugonga nyumba ya akina Bethune kwanza, halafu hushuka, na hufika kwa Gaffey baada ya chakula cha mchana. Kwa hiyo kila asubuhi Bibi alimpigia, akampa namba, akampa upepo, wakapigana madongo kidogo kuhusu nani anapendelewa na mbingu, wakakata simu.

"Redio inamwonya kila mtu kuanzia mlimani hadi baharini," Gaffey alikuwa akisema. "Nola ananiambia mimi."

Mwaka ule alihitaji kuambiwa kuliko mwaka wowote. Ukame ulikuwa umemla vipande vipande. Kondoo wengi aliwauza, wengine akawafukia kwa trekta, akabakiwa na majike mia nne ambao aliwalisha majani makavu kwa mikono yake kipindi chote kile, kila siku, mpaka akawa anawajua kwa sura. Sasa walikuwa wamezaa, na siku yao ya kukatwa manyoya ilikuwa imefika. Watu wa kule hawahitaji kufundishwa jambo hili. Jike aliyekonda, aliyetoka kukatwa manyoya, ukimweka kwenye upepo wenye theluji haoni jioni. Ukipata habari mapema unamwingiza bandani, unamwokoa. Usipopata, basi.

Asubuhi ya kwanza ya utawala wake, saa tatu ilipofika, Mheshimiwa alitoka kweli. Hilo liandikwe, maana ni jambo la pekee analoweza kujisifia. Alivaa buti za mpira za Bibi juu ya nguo za kulalia, akafika kwenye debe, akatoa faneli, akakuta maji ya manyunyu ya usiku. Akanyoosha mkono varandani kuchukua glasi ya kupimia kwenye kibao chake. Haikuwepo.

Akatafuta jikoni, akatafuta chini ya benchi, akatafuta hata kwenye kibanda cha mbwa. Kikombe cha kawaida hakingefaa, kwa sababu mistari ya glasi ile imekatwa kulingana na upana wa mdomo wa faneli ile, na mtu mwenye akili timamu angepiga simu hospitali kuuliza. Tamsin aliinua debe hadi usawa wa macho, akaliinamisha kama mtaalamu wa mvinyo, akatamka, "Mbili nukta nne," akamwaga.

Alijivunia hasa ile nukta nne. Mbili peke yake ingeonekana kama ya kubahatisha. Nukta nne ni sayansi. Shuleni, kule bwenini mjini Goulburn alikotoka kwa likizo, alikuwa amewahi kumshawishi matroni kwamba kuna sheria ya zamani inayokataza uji siku za Alhamisi, na kilichomponza matroni ni ile sheria kuwa na kifungu kidogo cha pili.

Akampigia Gaffey.

"Gaffey hapa."

"Hapa ni Kituo Kikuu. Tafadhali simama unaposikiliza."

"Nimesimama tangu vita viishe, binti, ndiyo maana magoti hayalali. Bibi yako anaendeleaje?"

"Wamemtia chuma. Sasa ana thamani kuliko pikapu ya baba."

"Hata kabla ya chuma alikuwa na thamani kuliko hiyo takataka. Haya, toa taarifa."

"Mbili nukta nne."

"Aka! Mimi sikufika hata moja. Ninyi watu wa juu mnamhonga nani?" Akacheka, akakohoa, halafu sauti yake ikabadilika. "Sasa nisikilize, Mheshimiwa. Wakata manyoya wanakuja Jumanne. Wakiondoka, majike wangu watakuwa uchi kama siku waliyozaliwa. Kuanzia hapo nitanie unavyotaka. Tania magoti, tania upara, tania mapishi yangu. Namba niachie."

"Mzee Gaffey, namba ni takatifu."

"Kweli?"

"Naapa kwa nyonga ya Bibi."

Jioni simu ikaja kutoka hospitali. Sauti ya Bibi ilikuwa nyembamba kwa dawa, lakini maswali yalikuwa yaleyale ya siku zote. Leo ngapi? Upepo wa wapi? Halafu, "Vyombo vyote umevikuta?"

"Vyote, Bibi. Vimejipanga kama askari wa gwaride."

"Na glasi?"

"Inang'aa mpaka naogopa kuitazama."

Muuguzi alisikika akisukuma kitu chenye magurudumu. "Haya," Bibi akasema mwishowe. "Lala salama, mjukuu wangu."

Haya hiyo ilikuwa fupi, na Tamsin aliisikia kuwa fupi. Akaihesabu kuwa ni dawa.

Asubuhi iliyofuata Mheshimiwa alifanya uchambuzi wa kina akiwa chini ya blanketi. Ikiwa glasi haipo, kupima hakuwezekani. Ikiwa kupima hakuwezekani, kutoka nje ni kuchosha buti bure. Hoja ilisimama vizuri. Tangu siku hiyo taarifa zote za Kituo Kikuu zilitolewa kitandani, simu chini ya mto, macho yamefumbwa. Siku nyingi alisema sifuri, na anga kweli lilikuwa kavu. Siku moja, kwa kuchoshwa na sifuri, akasema sifuri nukta nane, akasikia Gaffey akiguna kwa wivu upande wa pili, akacheka peke yake gizani, na jioni akampa Bibi namba hiyohiyo.

Jumanne jioni Gaffey alipiga mwenyewe. Nyuma yake kondoo walikuwa wakilia, maana wana hawawatambui mama zao wakishanyolewa.

"Wamemaliza. Wameondoka sasa hivi na bia zangu zote. Redio inapiga kelele tena, umeisikia?"

"Ilisema huenda kukawa na theluji sehemu za juu."

"Huenda! Juzi juzi ilisema huenda, nikawafungia bandani kutwa, halikutokea hata wingu. Wanakondoo walikanyagwa, na majike walishinda na njaa. Hawana nyama ya kushinda na njaa, Tam." Hakuwa amemwita hivyo kabla. "Ng'ambo ya korongo kuna majani mabichi yameota. Machache, lakini ni mabichi. Nataka kesho niwapeleke wakashibe. Ila nisubiri saa tatu. Ukiona hata chembe nyeupe uniambie."

"Hata chembe, Mzee Gaffey. Usiwe na wasiwasi."

"Sina wasiwasi. Nina wewe."

Tamsin alinuia kuamka. Hilo nalo liandikwe, ingawa halina faida kwa mtu yeyote. Alitega saa, ikalia, akaizima. Alilala chumba cha Bibi siku zile kwa sababu ya mapazia yake mazito ya mahameli, na asubuhi ile usingizi ulikuwa mtamu kwa namna ya pekee. Paa la bati, ambalo kila asubuhi hulialia likipashwa na jua, halikusema kitu. Mbwa hakubweka. Hapakuwa na ndege. Nyumba nzima ilikuwa kimya kama iliyofungwa kwa pamba, na yeye akauona ukimya ule kuwa ni hisani.

Simu ikalia chini ya mto.

"Mheshimiwa, saa tatu imepita. Nimewaweka langoni, wananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyewavua nguo. Toa taarifa."

Tamsin alisafisha koo. "Kituo Kikuu kinayo heshima kutangaza kwamba leo, kwa hisani ya mbingu, hakuna kitu. Sifuri."

"Sifuri ya kweli?"

"Sifuri ya duara."

"Upepo?"

"Hata jani halitikisiki."

"Umetoka mwenyewe ukaona?"

Swali lilikuwa rahisi, na lilikuwa na mlango wazi ndani yake. Angeweza kusema, subiri kidogo, Mzee Gaffey, nitazame tena. Ilikuwa hatua chache kutoka kitandani hadi dirishani. Lakini blanketi lilikuwa na joto.

"Nimetoka, nimerudi, vidole vimekufa ganzi."

"Mungu akubariki, binti. Niwapeleke basi." Akasikika akipiga mluzi kwa mbwa wake kabla hajakata.

Tamsin alipoamka mara ya pili, dari ilikuwa nyeupe. Ilikuwa na mwanga ambao dari haipaswi kuwa nao, mwanga unaotoka chini. Alilala akiutazama kwa muda, akijua tayari, akingojea usiwe. Kisha akaenda kuvuta pazia.

Theluji ilikuwa imefika waya wa kwanza wa uzio, na bado ilikuwa ikianguka. Haikuwa theluji ya asubuhi hiyo tu. Ilikuwa imelundikana mgongoni mwa trekta, ikayafuta matairi. Nyayo za baba yake, aliyeondoka kabla ya kupambazuka, hazikuwepo. Ilianza mara tu alipoondoka, au muda mfupi baadaye. Mtu yeyote angeiona hiyo na kuisoma bila kuhitaji glasi.

Akapiga simu kwa Gaffey. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ng'ambo ya korongo simu haishiki. Mara ya tatu mashine ya kurekodi ujumbe ikapokea, na Tamsin akafungua mdomo, akasikia mwenyewe kilichotoka.

"Mzee Gaffey, ni Tamsin. Theluji imeanza huku. Imeanza sasa hivi. Tafadhali waingize. Imeanza sasa hivi tu."

Kulikuwa na watu wengine wa kupigiwa. Kulikuwa na akina Strahorn, jirani wa Gaffey, wenye vijana watatu na pikipiki za magurudumu manne. Kulikuwa na baba yake kwenye greda, mbali kule uwandani, mwenye redio ya kazini. Kila mmoja wao angeuliza, tangu saa ngapi? Tamsin alisimama na simu mkononi akipanga jibu la swali hilo, na alipokuwa akipanga, upepo ulianza. Uliingia kupitia tundu la mlango kwa sauti ya filimbi, ukavuka uwanja, ukaenda kuteremka upande wa uwandani.

Hakumpigia mtu. Alivaa buti za Bibi, akachukua ufagio, akaenda kwenye kipimamvua. Juu ya faneli palikuwa na kilima cha theluji kilichochongoka, kizuri, kama keki ya harusi. Akakipiga kwa ufagio mpaka kikaanguka chote, akafagia na ukingo, ili atakayekuja asijue kilichukua muda gani kujengeka. Akarudi ndani, akakaa jikoni mbele ya friji. Tangazo lilikuwa bado pale. Wananchi wanaombwa kuwa watulivu.

Ross alirudi giza likiwa limeingia. Suruali yake ilikuwa imelowa hadi mapajani na hakuvua kofia.

"Nimetokea kwa Alwyn," akasema. "Vijana wa Strahorn waliniita kwa redio." Akafungua bomba la maji moto, akaweka mikono chini yake, akaiacha hapo. "Kondoo walikimbia upepo mpaka kona ya uzio. Wakapandana. Wa chini wamekosa hewa, wa juu wamekufa baridi."

"Wote?"

"Sijui. Wengi. Alikuwa amelala kifudifudi juu yao, Alwyn, anajaribu kuwavuta kwa miguu. Mtu wa umri ule. Tumembeba kumrudisha ndani kama mtoto." Akafunga bomba. "Anasema mlimani kulikuwa kukavu saa tatu."

"Kulikuwa kukavu," Tamsin akasema.

Baba yake akamtazama. Alikuwa amechoka mno kutazama kwa makini. "Basi ilishuka kama jiwe," akasema. "Kesho utakuja nami. Kila mkono unahitajika."

Kesho yake jua lilikuwa kali na anga la bluu, kana kwamba hakuna kilichowahi kutokea. Kona ya uzio ilionekana kutoka mbali. Alidhani ni theluji iliyorundikana na iliyokataa kuyeyuka, mpaka walipokaribia akaona rangi yake ina uwaridi. Kondoo aliyenyolewa ana ngozi kama ya mtu. Walikuwa wamelaliana hadi usawa wa waya wa juu, shingo zimenyooka upande mmoja, na pembezoni wanakondoo waliosalia walikuwa wakisukuma vichwa chini ya matumbo baridi, wakitafuta maziwa.

Vijana wa Strahorn walikuwa wakivuta kwa minyororo. Mmoja wao, Kel, aliyezoea kumtupia Tamsin vijineno dukani, alimpa glovu bila neno. Gaffey alikuwa akitembea polepole katikati ya wale waliokuwa bado wanapumua lakini hawawezi kusimama. Alikuwa na bunduki. Alikuwa akiinama, akimshika jike kichwani, akimwambia kitu, kisha anasimama. Mlio ulikuwa mdogo kuliko Tamsin alivyotarajia. Kila uliposikika, wanakondoo walinyamaza kidogo, halafu wakaanza tena.

Alifanya kazi. Alishika miguu na kuvuta. Hakusema mzaha wowote siku ile nzima, na hakuna aliyeona ajabu.

Saa ya chai Gaffey alimfuata alipokuwa ameketi nyuma ya pikapu. Uso wake ulikuwa umechubuka na ncha za vidole zimefungwa bandeji. Alikaa karibu naye kwa taabu, akampa nusu ya sandwichi yake ya nyama.

"Nilisikia ujumbe wako," akasema. "Uliniita mara tu ilipoanza. Uliita na kuita, mashine imehesabu. Nataka ujue hilo nimelisikia."

Tamsin alishika sandwichi.

"Watu watasema mambo. Dukani wameshaanza, Gaffey amezeeka, redio ilimwonya, yeye anasikiliza watoto. Wewe usiyabebe. Wewe ulisoma kilichokuwemo. Kama hakuna kitu kwenye debe, hakuna kitu. Mtu anayesema kilichomo hana kosa." Akatazama kona. "Mimi ndiye niliyewavusha korongo. Bora ningewauza mwaka juzi. Shamba nitaliachia Strahorn, anipe anachonipa. Kula, binti. Umepauka."

Akala. Ilikuwa nyama ya kondoo. Akameza yote.

Bibi alirudishwa wiki ile ile, akitembea kwa kusukuma fremu ya chuma, mdogo kuliko alivyoondoka. Kitu cha kwanza alichofanya ni kusoma tangazo kwenye friji, kutoka neno la kwanza hadi la mwisho, bila kutabasamu wala kulibandua. Kitu cha pili, alimwambia Ross ampigie Alwyn Gaffey aje kunywa chai.

"Bibi, amechoka," Tamsin akasema. "Na wewe umechoka."

"Sote tumechoka. Weka birika."

Gaffey alikuja amevaa shati safi. Alikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani yake mlikuwa na kipimamvua chake, amekisafisha tope.

"Nakuachia hiki, Nola. Kule kwa dada yangu mjini kuna balkoni tu. Wape watu wa hali ya hewa, wampe mwingine." Akakiweka sakafuni. "Ila kuna jambo moja linaninyima usingizi, nisaidie wewe mwenye akili. Nimepima theluji ya kwangu baada ya kuyeyuka. Strahorn naye amepima. Ukiangalia saa ambayo ilifika kwetu, na upepo ulivyokuwa, ilipaswa kuwa imeanza hapa kwenu alfajiri. Nimeigeuza kila upande. Mlima haujawahi kunidanganya."

"Haujakudanganya," Bibi akasema.

Akaingiza mkono katika mfuko wa sweta lake, lile lile alilokuwa amevaa siku alipoanguka, akatoa glasi ya kupimia. Akaiweka mezani katikati ya vikombe. Haikuwa na ufa. Mistari yake midogo myeusi ilionekana wazi dhidi ya kitambaa cha meza.

"Nilikuwa nayo mkononi nilipoteleza," akasema. "Niliitia mfukoni isivunjike. Wakanipeleka nayo. Ilikuwa kwenye saraka kando ya kitanda changu, kila siku niliyokuwa kule."

Ross aliacha kukoroga chai.

"Mbili nukta nne, akaniambia. Nikasema moyoni, huyu mtoto atanipigia kesho aniulize glasi iko wapi, aone aibu kidogo, yaishe. Hakupiga. Sifuri nukta nane, akaniambia. Mimi nimelala na glasi mkononi, namsikiliza." Sauti yake ilikuwa tambarare. "Nilitaka kuona atafika wapi. Nilifikiri nikirudi nitaiweka mezani hivi, mbele ya baba yake, apate fundisho, tucheke. Nilidhani na mimi najua mzaha. Ningeweza kukupigia, Alwyn. Simu ilikuwa pale pale, kando ya glasi. Nilijua hapimi, na sikukwambia."

Gaffey aliinyoosha mikono yake yenye bandeji, akaichukua glasi kama mtu anayeshika yai, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha.

Tamsin aliona wote wakimtazama. Aliyahisi maneno ya kawaida yakipanda kooni yenyewe, yale makubwa, yenye vifungu vidogo. Kituo Kikuu kinapenda kufafanua. Alifungua mdomo yatoke, kwa sababu siku zote yalimtoa mahali popote. Hayakutoka.

"Tam," baba yake akasema kwa upole uliomwumiza kuliko kelele. "Siku ile. Ulipima kwa chombo gani?"

"Sikupima."

"Ulikadiria kwa macho?"

"Sikutoka nje." Alikuwa akimwambia Gaffey, si baba yake. "Nilikuwa kitandani, Mzee Gaffey. Nilikuwa kitandani uliponipigia. Uliniuliza kama nimetoka nikasema nimetoka. Halafu nilipoamka ilikuwa imejaa, imefika kwenye waya, nikakwambia imeanza sasa hivi. Nikafagia debe. Sikuwapigia akina Strahorn kwa sababu wangeuliza ilianza lini."

Mzee aliirudisha glasi mezani, polepole, mpaka ikatulia. Kisha akauliza kwa upole, kama mtu anayetaka tu kuelewa jambo dogo lililobaki.

"Hata pazia hukuvuta?"

"Hapana," Tamsin akasema. "Hata pazia sikuvuta."